Kwadi, pikipiki au bagi: uchague ipi kwa matuta ya mchanga?

Nenda uwanja wowote wa kukodisha mashine za mchangani, uwe pembezoni mwa Nairobi au kule Pwani, utakuta kwadi, zile mashine za magurudumu manne za kukalia kama pikipiki, zimepangwa mbele, zimeoshwa, zinaangalia lango. Pikipiki ziko nyuma, na bagi, kile kigari chenye kizimba cha vyuma, kama ipo, imefunikwa turubai. Ukisita kidogo utaambiwa, "Dada, panda hii. Haianguki, ina miguu minne." Wengi hulipa hapo hapo.

Mimi naona mambo ni kinyume. Kwa mtu wa Nairobi anayeteremka mchangani mara moja moja, kwadi ndiyo ningeiweka ya mwisho, na sababu haihusiani na nguvu ya injini. Mashine hizi zote tatu huanguka. Swali la kuuliza kabla ya bei na kasi ni hili: ikianguka, inakuangukiaje? Hapo ndipo zinapotofautiana.

Kwanza mchanga wenyewe

Tuta la mchanga halifanani pande zote mbili. Upepo unakotoka, mchanga hupandishwa polepole, kwa hiyo upande huo huwa na mteremko mpole na umeshikana kiasi. Ukifika ukingoni, mchanga humwagika ng'ambo ya pili na kukaa kwa mwinamo wa karibu digrii 34, ambao ndio mwisho wa mchanga mkavu kujishikilia wenyewe. Ukiongezwa kidogo tu, unaporomoka. Sasa wewe unakuja kutoka upande mpole, umefungua mafuta ili usikwame, na mbele yako huoni kitu ila anga. Ukingo unafika, ardhi inakwisha. Ajali mbaya zaidi za matuta huanzia hapo: mtu anaruka bila kukusudia, au anakutana uso kwa uso na mwenzake aliyekuwa akipanda kutoka upande wa pili.

Pwani yetu ina jambo lake la ziada. Kusi na Kaskazi hupokezana, na upepo ukigeuka vilele vya mchanga navyo hubadilika. Ukingo ulioukariri mwezi wa Agosti usiutegemee Januari. Ramani uliyohifadhi kwenye simu mwaka jana haikusaidii kitu hapa. Anayekusaidia ni kijana mwenyeji aliyepita pale jana jioni.

Halafu kuna jua. Saa sita mchana likiwa utosini hakuna kivuli, na pasipo kivuli jicho halitofautishi shimo na mwinuko. Kila kitu ni cheupe. Asubuhi, tangu kupambazuka hadi kama saa tatu, vivuli ni virefu na mchanga bado una unyevu wa usiku. Jioni vivuli hurudi, ila mchanga umekauka kutwa nzima na ni laini zaidi. Ukiambiwa nafasi iliyobaki ni ya saa saba mchana, bora ule chakula chako upumzike.

Pikipiki: unaanguka mara nyingi, lakini mnaachana

Anayejua kuendesha bodaboda anadhani ameshamaliza nusu ya somo. Kwenye usawa na klachi, ndiyo. Kwenye hofu, hapana. Barabarani ukiona hatari unapunguza mafuta na kushika breki. Mchangani ukifanya hivyo uzito wote unahamia mbele, na gurudumu la mbele linazama kama jembe. Wewe unaendelea na safari, pikipiki inabaki.

Kinachotakiwa ni kinyume cha silika: simama kwenye vikanyagio, rudisha makalio nyuma, mafuta yasikatike, mikono ilegee. Usukani utachezacheza, na uache ucheze. Anayeung'ang'ania huchoka mikono baada ya muda mfupi, na mkono uliochoka ndio unaochelewa. Macho yaangalie mbali, kwa sababu pikipiki huenda unakoangalia, na ukikodolea macho kichaka utakipiga.

Utaanguka. Hilo halina mjadala, hata kwa waliobobea. Lakini angalia namna ya kuanguka: mara nyingi ni mwendo mdogo, mchanga ni laini, na wewe na mashine mnatengana. Majeraha ya kawaida ni kifundo cha mkono kwa sababu umejikinga kwa kiganja, mtulinga kwa sababu umetua kwa bega, na kifundo cha mguu kwa sababu umeteremsha mguu ukitaka kujisimamisha na mchanga ukaushika. Hili la mguu ndilo linalofanya buti ngumu za juu ya muundi ziwe na thamani kuliko jaketi la bei. Gikomba ukibahatika utapata za mtumba. Angalia soli haijaachia na vifungo vinafunga vyote. Viatu vya mpira wa miguu na ndara usivihesabu kabisa.

Uzito nao una neno. Pikipiki nyepesi ya tope yenye kilo 100 na ushee utaiinua peke yako mara kadhaa kabla hujaishiwa. Zile kubwa za safari ndefu, zenye kilo 200 na zaidi zikiwa zimejazwa mafuta na masanduku, zinapendeza sana mbele ya mkahawa huko Karen, lakini tutani zinamlaza mwenyewe chini na kumkalia mguu. Boxer ya kazi, ile ya bodaboda, inaweza kupita mchanga wa bara, vijana wa Kajiado wanaipitisha kila siku na magunia juu, ila tairi zake za barabara na breki zake hazikutengenezwa kwa ajili ya kupanda tuta na kushuka ng'ambo.

Faida kubwa ya pikipiki kwa mtu wa Nairobi ni mazoezi. Mikondo mikavu ya mito huko Kajiado na Machakos, ambako malori huchota mchanga, inakufundisha gurudumu la mbele kuzama bila kukupandisha kilele chochote. Angalia mawingu ya milimani tu: mkondo ulio mkavu hapa unaweza kupokea mafuriko ya mvua iliyonyesha mbali, na maji hayo hayabishi hodi. Ukipita pia lile vumbi laini kama lile ambalo madereva wa Safari Rally, tangu mashindano yaliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, hukutana nalo kule Naivasha na kuliita fesh-fesh, utakuwa umekutana na ndugu wa mchanga. Tofauti ni kwamba fesh-fesh huficha mawe chini yake. Tuta safi halina mawe. Lina ukingo.

Kilichobaki cha hatari kwa pikipiki ni kasi ya ukingoni. Ukiruka tuta kali, gurudumu la mbele likatangulia kuchoma mchanga, mashine hukurusha juu ya usukani na inaweza kukufuata. Ndiyo sababu mashindano ya Dakar, ambayo tangu 2020 hukimbiwa jangwani Saudi Arabia, yaliwalazimisha waendesha pikipiki kuvaa fulana za hewa zinazofura mtu anaporushwa, kuanzia mwaka 2021. Hao ni wataalamu wanaolipwa. Wewe huna haja ya kuruka.

Kwadi: miguu minne inayodanganya

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo inayochaguliwa zaidi na watu wasioijua.

Kwadi haiegemei. Pikipiki ikikata kona inalala upande wa kona. Kwadi inataka kulala upande wa nje, na kinachoizuia ni mwili wako. Dereva anatakiwa kusogeza uzito: kwenye kona unahamia upande wa ndani, kwenye kupanda unainamia mbele, kwenye kushuka unarudi nyuma, ubavuni unakaa upande wa juu wa kilima. Anayekaa katikati akiwa ameridhika kana kwamba yuko kwenye matatu ni mzigo tu, na kwadi yenye mzigo uliokaa vibaya hupinduka.

Ikipinduka, haikuachi. Usukani mpana, kiti unachokibana kwa mapaja, kingo za plastiki za magurudumu pande zote, vyote vinakuzuia usitoke kwa wakati. Kwadi ya mtu mzima ina kilo 200 hadi 300 na zaidi, na ikikulalia kifuani huhitaji kuvunjika mfupa ndipo ufe. Inatosha kifua kishindwe kupanuka. Australia walilitazama jambo hili kwa macho makavu: tangu Oktoba 2021 kwadi mpya za kazi haziruhusiwi kuuzwa kule bila upinde wa kinga nyuma ya dereva, wa kuifanya mashine isimlalie yote. Baadhi ya watengenezaji wakubwa waliona ni heri waache kuuza kwadi nchini humo. Kwadi za kukodi ninazoziona hapa kwetu hazina upinde huo.

Hata kabla yake kulikuwa na ndugu yake wa magurudumu matatu. Marekani, mwaka 1988, serikali na watengenezaji walikubaliana mahakamani kwamba hizo mpya zisiuzwe tena, kwa jinsi zilivyokuwa zikipindukia watu. Walipoongeza gurudumu la nne, mashine ilitulia zaidi. Haikuacha kupinduka.

Sasa tazama kidole gumba. Kwenye kwadi nyingi huzungushi mshiko wa usukani kupata mafuta. Kuna kijiti kidogo upande wa kulia, unakisukuma kwa gumba. Mtu akishtuka, mkono mzima hukaza usukani, na gumba liko njiani. Mashine inaanza kuteleza ubavuni, mgeni anabana kwa nguvu zote ili asianguke, na kwa kubana kule anaongeza mafuta. Mwulize yeyote anayeongoza misafara ya kwadi, atakuambia ameiona.

Mguu nao. Mtu aliyezoea baiskeli au pikipiki, kwadi ikianza kuinama, hushusha mguu. Gurudumu la nyuma liko hapo hapo nyuma ya kisigino, na linaupitia mguu na kuuvuta chini. Miguu hukaa kwenye vikanyagio hadi mashine isimame kabisa, hata kama roho inakuambia vingine.

Na abiria. Kwadi nyingi kiti chake ni kirefu, na kwa Mkenya kiti kirefu maana yake ni nafasi ya mtu. Urefu ule umewekwa ili dereva asogee mbele na nyuma. Ukimpakia mtu nyuma, umeiba nafasi yako ya kujisogeza na umepandisha uzito juu na nyuma, halafu unakwenda kupanda tuta. Mashine inanyanyuka mbele na kurudi juu yenu wote wawili. Zipo zilizotengenezwa kwa watu wawili, na zimeandikwa hivyo. Ikiwa haijaandikwa, ni ya mmoja.

Kuhusu watoto sina upole. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri aliye chini ya miaka 16 asiendeshe wala asipakiwe kwenye kwadi. Mtoto hana uzito wa kuizuia isiegemee nje, na mikono yake haifiki breki vizuri. Kumweka mbele ya tumbo lako, kama wengi wanavyofanya kule ufukweni wakipigwa picha, ni kumfanya yeye awe wa kwanza kugonga usukani.

Je, kwadi haina wema? Inao. Kwenye ufuo mpana na tambarare, kwa mwendo wa pole na mtu mmoja, inatulia, haichoshi, na mgeni anaijua baada ya dakika chache. Tatizo ni hizo dakika chache: anajua kuiendesha kabla hajajua kuizuia, na tuta liko pale mbele linamwita.

Bagi: mashine mbaya kwa wasiofunga mkanda

Bagi ninayoisema ni kile kigari kifupi chenye usukani wa mviringo, viti viwili au vinne vya kukaa bega kwa bega, mikanda, na kizimba cha vyuma juu. Nayo hupinduka, tena kirahisi mtu akikata kona ghafla ubavuni mwa tuta. Lakini ikipinduka uzito unabebwa na vyuma. Aliyefungwa mkanda akabaki ndani ya kizimba ana nafasi kubwa ya kutoka akitetemeka tu na mchanga masikioni.

Jeraha lake maalumu ni la mkono. Gari linaanza kulala, abiria anatoa mkono nje kulizuia lisianguke. Hauwezi kuzuia zaidi ya nusu tani kwa kiganja. Chuma cha juu kinatua juu ya mkono huo. Kwa hiyo dereva ashike usukani, abiria ashike kishikio kilicho mbele yake, na kama kuna wavu wa dirishani au mlango, ufungwe. Kosa la pili ni la mkanda uliolegea. Watu hujifunga kama wanavyojifunga kwenye teksi, halafu mashine ikiruka wanapiga vichwa kwenye vyuma. Mkanda wa begani ubane hadi uhisi. Helmeti huvaliwa hata ndani ya kizimba.

La tatu ni kasi. Bagi inakupa ujasiri usiokuwa wako. Ina shokabu ndefu, ina paa, ina muziki wakati mwingine, na unajikuta unafikia ukingo kwa mwendo ambao pikipiki ingekuwa imeshakuangusha zamani na kukupa adabu. Ikiruka na kutua kwa pua, au kutua bapa, mshtuko wote unapanda kwenye uti wa mgongo wa aliyekaa. Majeraha ya mgongo ndiyo yanayoishia kwenye ile hospitali ya rufaa ya uti wa mgongo hapa Nairobi, na huko hakuna anayekaa wiki moja.

Kwa familia, hata hivyo, hii ndiyo ningeichagua, ikiendeshwa na mwenyeji wa kampuni na si baba mwenye hamu. Kipimo cha mtoto ni rahisi: aketi mgongo ukiwa umegusa kiegemeo, nyayo zikiwa bapa sakafuni, mkono ukifika kishikio. Nyayo zikining'inia, asubiri mwaka mwingine. Na usukani si wa kijana wa miaka 14 kwa sababu amezoea michezo ya kompyuta. Watengenezaji wengi huandika dereva awe na miaka 16 au zaidi na leseni yake.

Gari lako mwenyewe

Kuna wanaouliza kwa nini wasipande tuta na Prado yao. Inawezekana, na wengi hufanya hivyo. Punguza upepo wa tairi kutoka ule wa barabarani hadi PSI 15 au 18, panda wima, shuka wima, usikate kona ghafla ukiwa na tairi legevu. Ila hatari kubwa ya gari kubwa haiko kwenye kupanda, iko kwenye kuvutana. Mkanda wa kuvutia ukifungwa kwenye kile kichwa cha chuma cha kuvutia trela na chuma hicho kikakatika, kinaruka na kinaweza kumuua mtu aliyesimama mita nyingi nyuma. Funga kwenye ndoano iliyotengenezwa kwa kuvutia, watu wote wakae mbali. Afadhali ya hayo yote, chimba kwanza kwa koleo. Nairobi tunapenda injini, koleo tunaliona la vibarua.

Sheria za tutani zisizobagua mashine

Ukingo usivukwe kwa kuruka. Panda, punguza karibu na kilele, geuza mashine iwe sambamba na ukingo, simama, tazama ng'ambo. Baada ya hapo shuka wima, gia ndogo, breki ya mbele uiguse kwa adabu. Kwadi na bagi zinapinduka zinaposhuka ubavu. Ukikwama katikati ya kupanda, usigeuze. Rudi nyuma kwa mstari ule ule, au shuka kutoka kwenye mashine kwa upande wa juu wa kilima.

Mmoja apande, wengine wangoje. Kwenye matuta ya Imperial kule California kila chombo kinalazimika kuwa na fimbo ndefu yenye bendera, kilele chake kikiwa futi 8 kutoka ardhini, ili anayekuja ng'ambo akuone kabla hajakufikia. Kwetu sijaona wakidai, lakini fimbo ya nyuzi na kitambaa chekundu hazimshindi fundi yeyote. Kama mpo wengi, mmoja asimame kileleni aonyeshe mkono.

Mnazi na bia vingoje funguo zirudishwe.

Mtu akilaliwa na mashine, zima injini kwanza, kisha wote muinue kwa pamoja. Mkishindwa, chimbeni mchanga chini ya kifua chake apate pumzi. Huu ni wema mmoja wa mchanga ambao lami haina. Aliyeanguka vibaya na analalamikia shingo au ganzi miguuni isiyotoka asiketishwe, asipewe soda, asivuliwe helmeti mradi anapumua. Kichwa kishikwe kitulie hadi wenye ujuzi wafike. Nambari ya Msalaba Mwekundu ni 1199, na iandikwe kabla ya safari, maana mtandao huwa wa kubahatisha.

Kabla ya kutoa pesa

Uwanjani, usianze na rangi. Mashine ikiwa imezimwa, sukuma kijiti cha mafuta kisha ukiachie. Kirudi kwa kishindo kidogo, *tak*. Kikirudi kwa uvivu kuna mchanga kwenye waya, na siku moja hakitarudi. Vuta breki zote mbili. Uliza kamba ya kuzimia injini, ile inayofungwa kwenye mkono ili ukirushwa injini izime. Kwadi nzuri za kukodi huwa nayo. Tazama tairi za kwadi kwa jicho: hutumia upepo mdogo sana, mara nyingi chini ya PSI 7, hivi kwamba kipimo cha kituo cha mafuta hakisomi vizuri, na moja ikizidi nyingine mashine inavuta upande mmoja kutwa nzima.

Helmeti ya uwanjani usiiamini kwa kuiona. Ivae, funga kamba ya kidevuni, mwambie mwenzako aisukume kutoka kisogoni kwenda mbele. Ikitoka kichwani, iache hapo mezani. Kama utakwenda zaidi ya mara moja, nunua yako. Maduka ya Kirinyaga Road yana za kila aina, na fundi wa duka hataudhika ukimfanyia jaribio hilo hilo mbele yake. Chagua inayofunika kidevu, na miwani ya vumbi inayokaa vizuri ndani yake. Zile helmeti za bodaboda zilizokatwa kamba hazina tofauti na sufuria.

Utapewa fomu utie sahihi kwamba ukiumia ni juu yako. Isome. Halafu piga simu kwa bima yako ya afya uulize kama inalipia michezo ya hatari, kwa sababu nyingine huitoa kabisa. Kujiandikisha SHA, bima ya afya ya serikali, hakukupi ndege ya kukutoa jangwani. Uanachama wa mwaka wa AMREF Flying Doctors, ambao ndege zao za kubeba wagonjwa hutoka uwanja wa Wilson, ni jambo la kufikiria kwa anayekwenda kaskazini.

Wapi, na kwa nini inabadilisha uchaguzi

Mambrui, kaskazini mwa Malindi ukishavuka Mto Sabaki, ndiko kwenye matuta ya mchanga yaliyo karibu na hospitali, uwanja wa ndege na simu inayoshika. Mchanga ule, kwa njia, una undugu na sisi: Sabaki ni Galana, Galana ni Athi, na Mto Nairobi humwaga maji yake humo. Kwa anayeanza, nenda huko, na uliza njia isiyogusa mdomo wa mto ambako ndege hukusanyika.

Shela, Lamu, ni pazuri pa kutembea kwa miguu tu. Matuta yale ndiyo yanayohifadhi maji ya kunywa ya mji. Mashine hazina kazi pale.

Chalbi ni habari nyingine. Watu husema jangwa wakafikiri matuta, kumbe sehemu kubwa ni tambarare kavu ya chumvi na udongo; matuta yako kuelekea North Horr. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 500 kutoka Nairobi hadi Marsabit kabla hujaanza safari yenyewe, joto ni kali, na mvua ikinyesha tambarare hugeuka tope la kumeza gari. Huko mguu uliovunjika ni janga la siku nzima. Hapo kwadi naiondoa kabisa, na pikipiki naikubali ikiwa kuna gari la kufuata lenye maji, redio au simu ya setilaiti, na mtu aliyefunzwa huduma ya kwanza. Peke yako, usiende na chochote.

Kwa hiyo nani achukue nini

Wewe unayeendesha pikipiki kila siku kwenda kazini Industrial Area, na una rafiki mwenye pikapu: chukua pikipiki nyepesi, anza kwenye mikondo ya Kajiado, kisha Mambrui asubuhi. Utavimba vifundo, utajifunza.

Mama na baba wenye watoto wa miaka kumi na zaidi wanaotaka Krismasi ya tofauti: bagi yenye dereva mwenyeji, mikanda ikaguliwe na nyinyi wenyewe, saa moja inatosha. Kampuni isiyokuwa na helmeti ya saizi ya mtoto imeshawajibu.

Kikundi cha ofisini kilicholipiwa na bosi, watu kumi na wawili, nusu hawajawahi kushika usukani wa chochote: hapa ndipo kwadi huletwa kwa wingi, kwa sababu ni rahisi kuzipanga. Mkizichukua, baki ufuoni kwenye tambarare, mtu mmoja kwa mashine moja, mwongozaji mbele na mwingine nyuma, na matuta myapande kwa miguu.

Anayetaka kununua ya kwake aiweke Nairobi, mimi ningemwambia pikipiki bila kufikiri mara mbili. Inaingia kwenye maegesho ya fleti ya Roysambu bila ugomvi na jirani, vipuri vyake havikosekani mjini, na Jumapili yoyote kavu anaweza kufanya mazoezi. Bagi itakaa juu ya trela miezi kumi na moja, ikilipiwa nafasi ya kuegeshwa.